Mgonjwa wa Mapafu na Watu wa Nyumbani Kwake

 Mazungumzo yangu ya jioni hii yanahusu saratani ya mapafu. Sikusudii kukaa sana juu ya maradhi yenyewe, kwa kuwa matabibu wapo na wao ndio wenye elimu yake. Ninalokusudia ni kusema nanyi juu ya ahali ya mgonjwa, yaani mke aliyekesha, mume aliyejifunza kupika akiwa na mvi, binti aliyeacha kazi yake ili auguze, na mjukuu anayetumwa dukani mara tano kwa siku, ambao maradhi haya huwashika pamoja na mgonjwa wao, na ambao sisi majirani, pamoja na wema wetu wote, mara nyingi tunawaongezea mzigo tukidhani tunawapunguzia.

Maradhi haya hayaji kwa kishindo. Huanza kwa kikohozi, na kikohozi katika nyumba za pwani ni jambo la kila siku: ni vumbi, ni baridi ya kusi, ni moshi wa jiko la mkaa, ni mafua yaliyokawia. Mtu hunywa tangawizi na asali, akasuguliwa kifua kwa mafuta, akanunua dawa ya maji dukani, na miezi miwili ikapita. Akipelekwa zahanati huulizwa habari za kifua kikuu, na ni haki aulizwe, kwa maana kifua kikuu kingali kingi katika mji wetu wa Mombasa, na alama zake zinafanana mno na za saratani ya mapafu: kukohoa, kukonda, jasho la usiku, damu katika makohozi, uchovu usiokwisha. Basi pengine huanzishiwa dawa za miezi sita ijapokuwa makohozi yake hayakuonyesha kijidudu chochote, na watu wa nyumbani, kwa hadhari yenye sababu, humtengea sahani yake, kijiko chake na kikombe chake, na wajukuu wakakatazwa kupanda kitandani pake.

Nimekiona kikombe cha namna hiyo katika nyumba moja isiyo mbali na ufuo wa Shelly Beach, Likoni. Kilikuwa kikombe cha bati, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake ili kisichanganyike na vyombo vya wengine, nacho kimetundikwa peke yake kwenye msumari karibu na mlango wa uani. Mwenye kikombe hicho alikuwa amekwisha kuambiwa kitambo kwamba maradhi yake si kifua kikuu bali ni saratani, na saratani haiambukizi, si kwa kikombe, wala kwa pumzi, wala kwa kulala shuka moja na mgonjwa. Lakini uzi ulikuwa ungali pale pale, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewaeleza watu wa nyumba hiyo, kwa maneno mafupi na ya wazi, kwamba sasa waweza kunywa alikonywa mzee wao. Muuguzi aliyekuja siku hiyo alipowaeleza, mke wa mgonjwa aliinuka bila ya kusema neno, akakichukua kikombe, akakata uzi ule kwa meno, akakitia maji, akanywa yeye kwanza kisha akampa mumewe. Natamani kila nyumba yenye mgonjwa wa maradhi haya ielezwe jambo hili siku ile ile ya kwanza, maana mtu anayeugua kwa kukosa pumzi, kisha akawa anakula peke yake pembeni, huwa ameongezewa maradhi ya pili ambayo hayakuwa na ulazima.

Na kwa kuwa nimegusa kifua kikuu, nisipite bila ya kusema hili. Kifua kikuu kinapona kwa dawa, na asiache mtu kupimwa kwa hofu. Lakini aliyetumia dawa zake kwa utiifu naye haoni nafuu, au ambaye makohozi yake yamepimwa na kuonekana safi huku akiendelea kukohoa, kukauka sauti na kupungua mwili, huyo na ahali zake wana haki ya kurejea kwa tabibu na kuuliza kwa adabu, ila kwa kusisitiza, juu ya picha ya kifua, na baada ya picha ya kifua ile picha ya mashine kubwa iitwayo CT, na baada yake kutolewa kinyama kidogo kikapelekwa maabara, kwa kuwa saratani haithibitishwi kwa kukisia. Inapogunduliwa mapema, wako wanaofanyiwa upasuaji wakaishi miaka mingi. Na ambao haikugunduliwa mapema, ambao ndio wengi, wako wanaopewa mionzi, na dawa za mshipani, na kwa baadhi yao vidonge vinavyochaguliwa kwa kadiri ya aina ya uvimbe, wakaongezewa miezi na pengine miaka yenye maana. Sisemi haya ili kumpa mtu tumaini la uongo. Nayasema kwa sababu nimeona jamaa wakikata tamaa kabla ya tabibu hajakata.

Sasa naja kwenye swali ambalo, lau ningekuwa na uwezo, ningelifukuza katika baraza zetu zote. Habari zikitoka tu kwamba fulani ana saratani ya mapafu, la kwanza kuulizwa si hali yake wala mahitaji yake, la kwanza ni: "Alikuwa akivuta?" Sikatai kwamba tumbaku ndiyo mama wa maradhi haya. Tangu mwaka 1950, walipotangaza Richard Doll na Austin Bradford Hill huko Uingereza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wagonjwa wa hospitali za London, ushahidi umezidi kulimbikizana, na leo Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu ulimwenguni, takriban 85 maradhi yao yametokana na uvutaji. Nchi yetu ya Kenya ilitunga sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na mwishoni mwa mwaka 2017 ikapiga marufuku shisha, na sheria hizo naziunga mkono kwa moyo wote, na vijana wanaonisikia wasidhani naitetea sigara.

Lakini wale 15 waliobaki ni nani? Ni mama aliyepikia kuni miaka arubaini katika jiko lisilo na dirisha. Ni mke wa mvutaji. Ni mtu aliyekata mabati ya asbesto bila ya kujua yana nini ndani yake. Ni wale wanaofanya kazi mchana kutwa katika moshi wa malori, kwani moshi wa dizeli nao umetangazwa tangu mwaka 2012, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, kuwa ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu, na yeyote aliyewahi kusimama katika foleni ya magari ya kivukoni Likoni anajua moshi huo ulivyo. Na wengine hawana sababu yoyote inayojulikana. Bibi wa namna hii, ambaye hakupata kutia sigara mdomoni, anapoulizwa swali lile na wageni kumi kwa siku, huwa ni kama mtu anayeshitakiwa kwa kosa asilolitenda; na mwanawe hulazimika kumtetea mama yake mbele ya watu waliokuja eti kumpa pole.

Ama yule aliyevuta kweli, yeye anajua kuliko sisi sote. Usiku mrefu wa maradhi umekwisha kumsomea mashitaka yake. Akiwa angali akivuta, asaidiwe kuacha, kwa kuwa kuacha hata baada ya kugunduliwa na maradhi huipa tiba nguvu zaidi. Lakini asaidiwe na mtu mmoja anayempenda, kwa upole, faraghani. Sisi wengine haituhusu. Kila mwaka watu wanaokaribia milioni mbili ulimwenguni hufa kwa saratani hii, nayo ndiyo iuayo wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Na msiba wa kadiri hiyo hautaki mahakimu zaidi.

Tuutazame mwendo wa mgonjwa wa upande wetu. Mtu akaaye Shelly Beach huziona meli kubwa zikiingia Kilindini karibu mno, na mji wenye hospitali kuu uko ng'ambo tu, safari ya dakika chache kwa feri. Kwa mtu mwenye siha huo ni mwendo wa kawaida, na waendao kwa miguu hawatozwi kitu. Kwa mgonjwa wa mapafu ni safari nyingine kabisa. Mteremko wa kushukia feri aweza kuushuka kwa kushikwa mkono. Lakini akifika upande wa kisiwani kuna mwinuko wa kupanda, na umati wote unapanda pamoja naye, wenye mizigo, wenye mikokoteni, wanafunzi, watu wanaokimbilia kazini, nao hawana nafasi ya kumngoja mtu anayesimama kila hatua sita kutafuta pumzi. Nimewaona ndugu wawili wakimzunguka baba yao katikati ya mwinuko ule, mmoja mbele na mmoja nyuma, mikono wameitandaza ili umati ugawanyike, na mzee ameinama ameshika magoti, naye anawaambia kwa ishara ya kidole: ngojeni, ngojeni kidogo.

Mionzi hutolewa siku baada ya siku, pengine kwa majuma mengi mfululizo. Zamani mgonjwa wa pwani aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma hakuwa na budi kusafiri hadi Kenyatta, Nairobi, akakaa kwa jamaa au akapanga chumba. Na ingawa vipimo vingine vingali vikitafutwa huko, leo Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo chake cha saratani, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo kuvuka kila siku si jambo jepesi. Kwa hiyo nakuombeni, nyinyi wenye gari, nyinyi vijana wa tuktuk wa Likoni, Timbwani na Mtongwe: mkimjua mgonjwa katika mtaa wenu, mpangieni zamu. Siku moja kwa juma yatosha kwa kila mmoja. Mchukueni mlangoni, mvukeni naye akiwa amekaa ndani ya chombo, mfikisheni hadi kwenye ngazi za hospitali. Sadaka ya namna hiyo familia huihisi siku ile ile, katika pesa zilizobaki mfukoni na katika nguvu zilizobaki mwilini mwa mgonjwa.

Hapa ndipo ninapofika kwenye adabu ya kuzuru, nami nitakaa hapo kidogo, kwa sababu watu wa pwani tunasifika kwa kuwazuru wagonjwa, na sifa hiyo ni ya haki, wala singependa ipungue. Mgonjwa wa tumbo au wa mguu aweza kufurahi akizungukwa na watu ishirini wanaozungumza. Mgonjwa wa mapafu hawezi. Kwake yeye kila neno lina gharama, maana sauti hutokana na pumzi, na pumzi ndiyo aliyopungukiwa. Tunapoingia mmoja baada ya mmoja, na kila mmoja akataka asimuliwe tangu mwanzo ilikuwaje, na lini, na daktari alisemaje, naye kwa staha akajikaza kujibu, tunaondoka tukisema "leo alikuwa mchangamfu", tusijue kwamba baada ya kutoka kwetu alilala hadi jioni hana hata nguvu ya kunywa uji. Basi ingieni wachache. Kaeni muda mfupi. Semeni nyinyi, naye asikilize. Mpeni habari za mtaani, za mvuvi aliyepata samaki mkubwa, za mtoto aliyeanza kutembea, na msiulize swali linalohitaji jibu refu. Na dua iwe fupi na ya sauti ya chini.

Kuna pia desturi yetu nyingine njema ambayo katika chumba hiki haifai. Wageni wakitarajiwa, au kukisomwa, mama wa nyumba hutia makaa katika chetezo akafukiza ubani na udi, na nyumba ikanukia. Moshi ni moshi, hata ukinukia vizuri. Chetezo kiwekwe uani, na marashi ya nguvu yaachwe, na anayevuta sigara asivutie barazani chini ya dirisha la mgonjwa. Na dirisha lenyewe lifunguliwe. Wazee wetu walituonya na upepo wa bahari juu ya kifua, na wakati wa kusi utaona chumba cha mgonjwa kimefungwa kila upande, pazia zimeshushwa, na ndani kuna joto na watu wanane. Matabibu wanaowahudumia wagonjwa wa namna hii wamethibitisha kwa majaribio jambo ambalo bibi zetu walilifanya bila ya kufundishwa: upepo mwanana unaopita juu ya shavu na pua ya mgonjwa hupunguza ile hofu ya kukosa hewa. Kipepeo cha ukindu kinatosha. Akae ameinamia mbele kidogo, mikono juu ya mto au meza, atoe pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto, na mmoja wenu ampepee usoni bila ya pupa. Mtoto wa miaka minane aweza kuifanya kazi hiyo, naye atakumbuka maisha yake yote kwamba alimsaidia babu yake kupumua.

Juu ya maumivu nina la kusema ambalo najua litawashtua baadhi yenu. Dawa kubwa ya maumivu ya saratani, na ya ile dhiki ya kukosa pumzi vilevile, ni mofini. Katika nchi nyingi watu huiogopa. Lakini sisi wa Likoni na Kisauni tuna sababu yetu ya kuiogopa zaidi, kwa kuwa tumewazika vijana wetu kwa ajili ya unga wa kulevya, na mama aliyempoteza mtoto mmoja kwa unga, akiambiwa kwamba dawa atakayopewa mumewe ni ya ukoo ule ule wa afyuni, hukataa, naye simlaumu. Simlaumu, ila namsihi asikilize. Mofini inayotolewa na tabibu kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo, kwa saa maalumu, ikaongezwa au kupunguzwa kwa kadiri ya haja, haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa mlevi, wala haimharakishii mauti. Inamrudishia usingizi, na uwezo wa kukaa na watoto wake, na wa kuswali au kusali kwa kadiri ya dini yake. Dawa hiyo hufunga choo, hilo ni kweli, kwa hiyo aulizwe tabibu dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza. Na mwanzoni huleta kichefuchefu na usingizi, navyo hupungua baada ya siku chache. Hifadhini chupa mahali palipofungwa, na msimpe mtu mwingine hata tone.

Elimu hii ya kumwondolea mgonjwa maumivu hata pale asipotarajiwa kupona, iitwayo tiba shufaa, ina historia yake. Bibi Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi kisha akasomea udaktari, alifungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967, na kutoka hapo fikra hiyo ikaenea duniani. Kwetu Kenya, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Daktari Anne Merriman, aliyekuwa amefanya kazi huko Nairobi, akaenda Kampala mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya maji iliyochanganywa kutokana na unga wa dawa, rahisi ya bei, inayonywewa nyumbani bila ya sindano. Na Uganda ikafika hadi ya kubadilisha sheria zake mwaka 2004 ili wauguzi waliofunzwa waweze kuiandika dawa hiyo wenyewe, wasingoje daktari ambaye vijijini hayupo. Nasi Mombasa tunayo Coast Hospice, katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Pwani. Wengi hudhani kwenda hospisi ni kukubali kufa. Sivyo. Waweza kupokea mionzi kwa upande mmoja na tiba shufaa kwa upande mwingine, na familia inayowafahamu watu wa hospisi mapema huteseka kidogo kuliko ile inayopelekwa siku za mwisho. Huko huulizwa hali ya mgonjwa, na huulizwa pia hali ya anayemuuguza, swali ambalo kwa wengi huwa ndiyo mara ya kwanza kulisikia tangu maradhi yalipoanza.

Kisha kuna jambo la kuficha. Katika nyumba zetu nyingi, daktari akisema ni saratani, watoto hukutana ukumbini wakaafikiana kwamba mzee asiambiwe. Nia ni huruma. Lakini mzee ana macho, naye huona binti yake ametoka jikoni macho mekundu, huona wanawe waliokuwa hawasemezani wamepatana ghafla, huona watu wa mbali wamekuja bila ya sababu. Anajua, na anajua kwamba nyinyi mnajua, na kila mmoja anamficha mwenzake, basi wanakaa chumba kimoja watu wanaopendana hali hawana la kusema. Siwaambii mumtwishe habari zote kwa mara moja. Muulizeni yeye kwanza: angependa kuelezwa kiasi gani, na angependa nani aelezwe. Wako watakaosema, "Mwambieni kijana wangu mkubwa, mimi niacheni", na hiyo nayo ni haki yao iheshimiwe. Lakini wako wengi zaidi ambao wana deni wanalotaka lilipwe, amana ya mtu wanayotaka irudishwe, wasia wanaotaka uandikwe, ugomvi wa miaka mingi wanaotaka uishe. Na mtu aliyefichwa hali yake hunyimwa nafasi ya kuyatengeneza hayo angali na akili yake timamu na pumzi ya kuyatamka. Na watoto wadogo nao waambiwe, kwa maneno ya kadiri yao. Mtoto asiyeambiwa hujitungia mwenyewe, na mara nyingi hujitungia kwamba ni yeye aliyemuudhi baba hata akaugua.

Juu ya mali nitasema kwa kifupi, ila kwa uchungu. Mtu akifa katika mtaa wetu, michango hukusanywa ikatimia kabla ya jua kuchwa: sanda, maziko, mahema, sufuria za pilau, magari ya kwenda kijijini. Akiwa hai anahitaji kipimo, familia huzunguka na daftari majuma matatu. Ningependa wazee wa mitaa, maimamu na wachungaji, na akina mama wa vyama walizungumze jambo hili kwa insafu, wakatenga mfuko wa wagonjwa kabla ya mfuko wa matanga. Na kila kaya ijiandikishe na kulipia michango yake katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, mwezi wa Oktoba 2024, isingoje mpaka maradhi yabishe hodi; na jirani aliyesoma, anayeyafahamu mambo ya simu na fomu, amkalie mama mmoja nusu saa amsaidie, kwani wako wanaokosa haki yao kwa kushindwa tu kujaza karatasi.

Nanyi mnaouguza, sasa nasema nanyi peke yenu. Nawajua kwa sura zenu: mmekonda karibu sawa na mgonjwa. Mnalala kwa vipande. Mkimkasirikia mgonjwa kwa kukataa chakula mlichokihangaikia, kisha mkaingia msalani kulia, hilo si dhambi wala si upungufu wa mapenzi, ni uchovu. Asilazimishwe kula. Mwili wenye maradhi haya hufika mahali usitake sahani kamili, na vijiko vitatu vya uji mwepesi, au maji ya dafu, au kipande cha embe, vinatosha kwa saa ile. Jirani akikuuliza, "Nikusaidie nini?" usimjibu, "Hapana, tushukuru Mungu." Mpe kazi kwa jina lake: nichotee maji, nifulie shuka hizi, kaa naye kuanzia alasiri hadi magharibi ili nilale. Na jirani mwema asingoje kuulizwa. Aje siku moja ile ile kila juma, ili anayeuguza ajue kwamba Jumanne alasiri ni yake.

Na zipo alama ambazo zikitokea msingoje asubuhi: akitoa damu nyingi kwa kukohoa, akivimba uso na shingo kwa ghafla, miguu ikifa ganzi au ikakataa kumbeba pamoja na maumivu ya mgongo, au akili ikamvurugika. Hapo mpelekeni hospitali usiku ule ule. Feri huvuka usiku kucha, na dereva akisema amebeba mgonjwa watu watampisha.

Yakitokea ya kutokea, watu watakuja. Watajaa barazani siku tatu, watasoma hitma, au watakesha na nyimbo za kanisani, kisha arubaini itapita na viti vilivyokodiwa vitarudishwa. Mjane atakuwa angali katika eda yake ya miezi minne na siku kumi, au katika maombolezo yake kwa namna ya dini yake, na nyumba iliyokuwa imejaa kikohozi na nyayo za wageni itakuwa kimya, naye mikono yake, iliyozoea kupepea na kugeuza mito kwa mwaka mzima, haitakuwa na kazi. Wakati huo ndio simu hupungua. Ikiwa mlikuwa mkimpeleka mumewe hospitali kila Jumatatu, nendeni kwake Jumatatu ile ile. Mtajeni marehemu kwa jina lake mbele yake, msiogope kumliza, anataka atajwe. Ulizeni deni la dawa limebaki kiasi gani na katika duka gani, na muulize mtoto wa mwisho yuko darasa la ngapi, na kabla shule hazijafunguliwa Januari mkae watu wanne au watano mliojipanga, mlipe ada ya muhula wa kwanza.